Hita ya maji imeacha kupasha: ubadilishe elementi, thamostati au tanki zima?

Hita ya tanki inayotumia umeme ina sehemu mbili tu zinazofanya kazi ya kupasha maji. Ya kwanza ni elementi, yaani waya wa moto uliofungiwa ndani ya bomba jembamba la chuma. Ya pili ni thamostati, inayoamua lini umeme uingie na lini ukatwe. Zote mbili hutolewa kwa bisibisi na spana, na zote huuzwa kama vipuri. Kisichotengenezeka ni tanki. Kwa hiyo uamuzi wa kutengeneza au kununua hita mpya uanzie kwenye tanki, hata kama kinachokusumbua ni maji baridi. Tanki likiwa zima, karibu kila hitilafu inayobaki ni ya kipuri kimoja. Tanki likiwa limetoboka, elementi mpya haitaliokoa.

Tanki kwanza

Chukua tishu kavu uipitishe chini ya hita, kwenye viungo vya mabomba na kuzunguka kifuniko cha umeme. Tishu huonyesha unyevu ambao macho hayauoni. Ukikuta maji, angalia yanatokea wapi, maana kila mahali pana maana yake.

Yakidondoka kwenye vali ya usalama wakati hita inapasha, mara nyingi hilo si kosa. Maji hupanuka yanapopata moto: lita 80 zikitoka nyuzi 10 hadi 70 huongezeka kwa karibu lita 1.8, na ziada hiyo lazima itoke mahali. Kama vali inadondosha mchana na usiku, hata maji yakiwa baridi, basi ama presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno ama vali yenyewe imeingiwa na uchafu. Vali hiyo isizibwe kamwe, wala usiweke koki mbele ya tundu lake. Thamostati ikigoma kukata, hiyo vali ndiyo inayozuia tanki lisipasuke.

Yakitoka pale elementi ilipofungwa, gasketi imechoka au boliti zimelegea. Hilo hutengenezeka. Lakini yakichuruzika kutoka ndani ya ganda la nje, kupitia povu la kuhifadhi joto, bila kiungo chochote kilicholowa juu yake, chuma cha tanki kimeliwa na kutu. Usihangaike kukichomelea. Tanki la enameli (utando mgumu kama kioo unaofunika chuma kwa ndani) likichomelewa, moto huipasua enameli pande zote za kiraka, na kutu huanza upya hapo hapo.

Je, ni hita kweli?

Kuna kosa moja linalowafanya watu wabadilishe hita nzima isiyo na tatizo: maji baridi kuvuka na kuingia kwenye bomba la maji moto kupitia mikisa (bomba linalochanganya maji moto na baridi) ya bafu au ya sinki iliyochakaa ndani. Kulipima huchukua dakika mbili. Zima umeme wa hita, funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la maji moto. Maji yakikata baada ya muda mfupi, mabomba yako salama. Yakiendelea kutiririka, kuna mikisa inayovusha maji, na hita yako inaonewa. Funga koki za mikisa moja moja hadi mtiririko ukome, ndipo utajua ipi ya kubadilishwa.

Tazama pia namna maji yanavyopoa. Baridi kabisa tangu mwanzo ni dalili ya umeme kutofika au kipuri kukatika. Vuguvugu lisilopanda ni jambo jingine. Na maji yanayoanza moto sana halafu yakapoa upesi, wakati zamani yalitosha watu watatu, yana sababu mbili kubwa. Kwenye hita yenye elementi mbili, ya chini imekufa na ya juu inapasha sehemu ya juu ya tanki tu. Kwenye hita inayoingiza maji kwa juu, lile bomba la ndani linaloshusha maji baridi hadi chini limekatika, na maji baridi yanamwagika moja kwa moja juu ya yale ya moto.

Elementi na thamostati, bega kwa bega

| Unachokiona | Ikiwa ni elementi | Ikiwa ni thamostati |
|---|---|---|
| Maji baridi kabisa, breka haijaruka | Waya wa ndani umekatika | Kikata-joto (kinga yenye kitufe chekundu) kimeruka, au viunganishi vimeungua |
| Breka inaruka ukiwasha tu | Ganda limetoboka, umeme unaingia kwenye maji | Mara chache: waya ulioungua umegusa chuma |
| Breka ya erthi (inayokata umeme unapovuja) inaruka baada ya dakika kadhaa | Ufa mdogo unaofunguka chuma kikipata moto | Si kawaida |
| Maji yanachemka mno, mvuke unatoka bombani | Mara chache | Viunganishi vimegandana, havikati |
| Joto linafika vuguvugu na kuishia hapo | Moja kati ya elementi mbili imekufa | Inakata mapema au imeshushwa |
| Yanapata moto, lakini baada ya saa nyingi | Ukoko wa chokaa, au volti ndogo | Si kawaida |
| Kitufe chekundu kinaruka kila baada ya siku chache | Ukoko umezunguka elementi na mfuko wa thamostati (bomba inamoingia fimbo yake) | Haikati kwa wakati |

Jedwali hili linakupa mwelekeo, uthibitisho uko kwenye kipimo. Kabla ya kufungua kifuniko, shusha breka ya hita kwenye boksi la umeme. Swichi ya ukutani peke yake haitoshi, kwa sababu nyingine hukata waya mmoja tu, na kama nyaya ziligeuzwa, elementi hubaki na umeme hata taa ikiwa imezimika. Baada ya kushusha breka, pima kwa maltimita (kifaa cha kupimia umeme) kati ya nyaya mbili, kisha kati ya kila waya na erthi. Ukisoma sifuri mara zote tatu, endelea. Kama hujawahi kupima umeme, sehemu hii mwachie fundi umeme. Maji na umeme havimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kukosea.

Anza na kitufe chekundu kilicho kwenye thamostati au karibu yake. Hicho ni kikata-joto, hukata umeme maji yakizidi joto la hatari, na hakijirudishi chenyewe. Subiri maji yapoe, kibonyeze, usikie mlio mdogo. Kama hita itarudi kufanya kazi, usifurahi mapema. Kikata-joto hakiruki bila sababu. Kikiruka tena ndani ya wiki, thamostati haikati inavyopaswa, au kuna waya uliolegea unaochemka pale ulipofungwa. Tazama rangi ya plastiki kwenye skrubu za nyaya: iliyogeuka kahawia au nyeusi inakuonyesha mahali pa tatizo. Kubonyeza kitufe kila wiki miezi sita mfululizo ni kucheza na kinga ya mwisho uliyonayo.

Sasa elementi. Chomoa nyaya zake zote mbili ili maltimita isisome njia nyingine, weka kwenye omu, gusa ncha mbili za elementi. Kipimo sahihi hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti kisha kugawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kwa volti 230, elementi ya wati 1,500 isomeke karibu omu 35, ya wati 2,000 karibu 26, na ya wati 3,000 karibu 18. Kupishana kidogo si tatizo. Kipimo kisiposoma chochote, waya wa ndani umekatika na elementi imekufa.

Kisha pima kati ya kila ncha na chuma cha elementi. Hapa unataka kipimo kisisome kitu. Kikisoma namba yoyote, ganda limetoboka na umeme unavuja. Lakini maltimita hutumia volti ndogo za betri, na uvujaji mwingine huonekana tu kwa volti kubwa. Ndiyo maana elementi inaweza kupita kipimo hiki na bado breka ya erthi ikaruka. Fundi umeme mwenye kifaa cha kupima insulesheni kwa volti 500 ataukamata. Usimruhusu mtu yeyote aitoe breka ya erthi kwenye mstari ili "hita ifanye kazi": elementi iliyotoboka huendelea kupasha maji vizuri tu huku ikiyatia umeme maji ya anayeoga.

Thamostati ni rahisi zaidi. Tanki likiwa baridi na kidude cha kuchagulia joto kikiwa kimepandishwa hadi juu, kipimo kati ya njia ya kuingia na ya kutoka kisome karibu na sifuri. Kisiposoma hata baada ya kubonyeza kitufe chekundu, imekufa.

Hesabu moja huwaokoa wengi wanaolalamika kuwa hita "imechoka". Nguvu ya elementi hushuka kwa mraba wa volti. Elementi ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 240 ikipewa volti 200 hutoa karibu wati 1,040 tu, chini kidogo ya asilimia 70. Vipuri vyote vinaweza kuwa vizima, na tatizo likawa ni umeme hafifu wa saa za jioni. Pima volti saa ile ile unayoona maji yanachelewa.

Ukibadilisha kipuri, kipi?

Thamostati haina mambo mengi: iwe ya aina ile ile (ya fimbo au ya kubana ukutani mwa tanki), fimbo iwe na urefu ule ule, na ampea zake zisipungue za zamani. Fimbo fupi hupima joto la sehemu isiyo sahihi, ndefu haiingii.

Elementi ndiyo yenye uchaguzi wa kweli. Ya shaba ni nafuu na hupasha vizuri kwenye maji laini, lakini kwenye maji ya chokaa au yenye chumvi huliwa mapema. Ya chuma cha mchanganyiko wa nikeli, kile mafundi hukiita inkoloi, huvumilia ukoko na hata dakika chache za joto kali. Maji ya kisima kirefu yanayoacha weupe kwenye sufuria yanataka hii ya pili. Ukiona mbili zenye wati sawa, moja ndefu iliyokunjwa mara mbili na nyingine fupi, chukua ndefu kama tanki linairuhusu. Joto lile lile likitandazwa kwenye chuma kirefu zaidi, uso wake hauwi mkali sana, na ukoko huganda polepole.

Kuongeza wati ili maji yapate moto haraka ni kishawishi kikubwa, nasi tunakipinga. Kutoka wati 1,500 hadi 3,000 kwa volti 230 ni kutoka ampea 6.5 hadi 13. Waya, swichi na thamostati vilivyowekwa kwa ajili ya ile ya kwanza huenda visiibebe ya pili. Kama unataka nguvu zaidi, njia yote ikaguliwe hadi kwenye boksi la umeme.

Kuibadilisha kwenyewe kunafuata mpangilio. Zima breka, funga maji yanayoingia, fungua bomba la maji moto lililo juu ili hewa iingie, ndipo utoe maji ya tanki kwa mpira. Bila kuingiza hewa, maji hayatoki vizuri. Chomoa nyaya ukiwa umepiga picha mahali pake. Elementi ya flanji (iliyoshikwa kwenye bamba lenye boliti), fungua boliti. Ya kuzungusha, tumia spana maalumu yenye kina, kwani spana ya kawaida huviringisha kona. Safisha kitako cha gasketi hadi kiwe laini na uweke gasketi mpya, hata kama ya zamani inaonekana nzima. Boliti za flanji zikazwe kwa kuvuka, kidogo kidogo, kama unavyokaza gurudumu la gari.

Kabla ya kufunga, toa ukoko uliolala chini ya tanki kwa kijiko cha mbao au cha plastiki. Chuma kitakwaruza enameli. Elementi yenye ukoko mwembamba ambayo bado ni nzima inaweza kulowekwa kwenye asidi ya sitriki, gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, au kwenye siki, hadi mapovu yaishe. Asidi kali ya kusafishia vyoo isitumike: inakula chuma kilekile unachotaka kukiokoa.

Kutengeneza au kununua nyingine

Hapa umri wa hita hauamui peke yake. Kinachoamua ni anodi, ile fimbo ya magnesi au alumini iliyomo ndani ya tanki, ambayo huliwa na kutu ili chuma cha tanki kisiliwe. Ukishafungua flanji, anodi iko mbele yako. Ikiwa bado na zaidi ya nusu ya unene wake, tanki limelindwa na kutengeneza kuna maana, hata hita ikiwa na miaka kumi. Ikiwa imebaki waya mtupu, angalia ndani kwa tochi. Enameli nyeupe au ya bluu iliyo safi: weka anodi mpya, elementi mpya, endelea. Madoa ya kutu yaliyochomoza kwenye mishono: tanki liko njiani, na kila kipuri utakachonunua utakitupa pamoja nalo.

Kuna hali ya katikati, nayo ndiyo ngumu: tanki halivuji, lakini maji moto hutoka na rangi ya kutu, wakati maji baridi ni safi. Hapo tungebadilisha kipuri kimoja cha bei ya chini kama thamostati, lakini si elementi, anodi, vali na gasketi kwa pamoja. Vipuri vinne kwenye tanki linalooza ni hita mpya iliyonunuliwa vipande vipande, bila tanki.

Anodi ya magnesi hulinda vizuri zaidi kwenye maji laini. Ya alumini hudumu zaidi kwenye maji magumu. Maji moto yakinuka kama yai bovu, huenda magnesi inawalisha bakteria wanaotengeneza gesi hiyo, na kubadilisha kwenda alumini mara nyingi hupunguza harufu. Fungua uiangalie kila mwaka.

Tanki jipya au hita ya papo kwa papo?

Kama tanki limekwisha, swali hili litakujia. Hita ya papo kwa papo haina tanki la kutoboka, wala haipotezi joto usiku kucha. Lakini inataka umeme mwingi kwa wakati mmoja. Zidisha kilowati kwa 14.3, gawanya kwa lita zinazopita kwa dakika, upate nyuzi zinazoongezeka. Kilowati 3.5 kwa lita 2 kwa dakika huongeza nyuzi 25, lakini kwa lita 5 huongeza nyuzi 10 tu. Kwa bafu lenye maji mengi unahitaji karibu kilowati 8.5, ambazo ni ampea 37 kwa volti 230, na waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wa milimita 6 hadi 10 za mraba kulingana na urefu na mahali ulipopita. Tanki la kilowati 1.5 linafanya kazi kwenye waya wa kawaida.

Zinavyokufa pia ni tofauti. Tanki hukuonya: maji huchelewa, sauti ya kuchemka huongezeka, halafu ndipo lipoe. Papo kwa papo hukata ghafla, na mara nyingi kosa si elementi bali maji kupita kidogo mno. Nyingi hazijiwashi hadi mtiririko ufike karibu lita 2 au 3 kwa dakika, ili zisiungue. Chujio dogo kwenye njia ya kuingilia likijaa mchanga, hita inakuwa kama imekufa. Kabla ya kumwita fundi, zima umeme, funga koki, toa chujio, lioshe, na utoboe matundu ya kichwa cha bafu kwa pini. Palipo na presha hafifu ya tanki la juu ya paa na volti zinazopanda na kushuka, tunashauri tanki bila kusita. Palipo na presha nzuri, umeme imara na mtu mmoja au wawili wanaooga kwa zamu, papo kwa papo inashinda.

Za gesi zina maradhi yake. Ya kujiwasha kwa betri ikikataa, badilisha betri kwanza. Mwali mdogo ukizimika kila unapoachia kitufe, kiunganishi cha joto kinachoguswa na mwali kimechoka au kimejaa masizi. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi isikae bafuni. Moshi wake huua bila harufu.

Kuijaza na kuiwasha

Iwe umebadilisha kipuri au tanki zima, jaza maji kwanza. Fungua bomba la maji moto, fungua koki ya kuingilia, subiri hadi maji yatoke bila kukohoa hewa kwa dakika moja nzima. Elementi ikiwashwa nje ya maji huungua kwa muda mfupi sana, na dukani hawatairudisha. Pitisha tishu tena kwenye gasketi. Weka thamostati kwenye nyuzi 60: chini ya hapo bakteria wa lejionela wanaweza kukaa tankini, wakipenda zaidi kati ya nyuzi 20 na 45. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo nyumba yenye watoto au wazee iwekewe vali ya kuchanganya kwenye bomba la bafu.

Washa, kisha uhesabu. Kupandisha lita 80 kwa nyuzi 40 huchukua kama kilowati-saa 3.7: saa mbili na nusu kwa elementi ya wati 1,500, saa moja na robo kwa ya wati 3,000. Lita 50 kwa wati 1,500 huchukua kama saa moja na dakika 35. Usifungue bomba kila baada ya dakika kumi kuonja, kwa sababu kila unapofungua unaingiza maji baridi. Muda huo ukipita na maji yakawa bado baridi, rudi kwenye maltimita na upime volti pale pale kwenye ncha za elementi. Kazi hiyo hufanywa kifuniko kikiwa wazi na umeme umewashwa, kwa hiyo aifanye fundi umeme.